ECU haijaungua, ni fundi hajapima

Tuseme ukweli bila kupakana mafuta. Gereji nyingi zikishindwa na gari, hukumu ni moja tu: "Bosi, ECU imeungua." Injini inakata ukipita matuta? ECU. Imekataa kuwaka asubuhi? ECU. Na kama ECU yenyewe si ile ya kiwandani, ni ile ulinunua kando ndio Subaru yako ivute poa, hata boneti hawafungui. "Hizi vitu za kuunga ndio shida." Unaambiwa utafute makumi ya maelfu ya shilingi, na ile ya zamani inabaki gereji. Umewahi kujiuliza inabaki huko kufanya nini?

Huu ni wizi, hata kama anayeufanya hajui ni wizi. Swali langu ni moja tu: alipima nini? Multimita ilishika waya gani, ikasoma namba gani?

Anza na athi, ule waya unaorudisha umeme kwa injini na betri. Ndio watu wetu hudharau sana, unakuta umefungwa na boliti ya kutu juu ya rangi. Weka waya mweusi wa multimita kwa hasi ya betri, mwekundu kwa athi ya ECU, kisha mtu apige stata. Ikipita kama volti 0.2, hangaika na waya kwanza. Halafu pima umeme unaoingia kwa ECU stata ikizunguka, si gari ikiwa imelala. Betri iliyochoka inaweza kusoma volti 12.6 asubuhi na ukipiga stata ianguke chini ya 9. Hapo ECU inajizima na kuanza upya, injini haiwaki, na kisanduku chenyewe hakina kosa lolote.

Kisha kuna zile volti 5 ambazo ECU hugawia sensa zake. Waya wa sensa moja ukichubuka ugusane na bodi ya gari, zile volti zinaanguka na sensa zote zinaanza kudanganya pamoja. Fundi anaona makosa manne kwa skrini, anasema ubongo umekufa. Chomoa sensa moja moja ukiangalia multimita. Zikirudi 5, mwizi ni ile umeshika mkononi. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, bana.

Sikatai, ECU huungua kweli. Mtu amegeuza nyaya za jampa. Welda amechomelea chuma kwa gari bila kuchomoa betri na soketi ya ECU. Vijana wa kuosha magari wamepiga maji ya presha ndani ya boneti. Au umeweka injekta kubwa za omu 2 au 3 kwa ECU iliyotengenezewa za omu 12 hadi 16, umeme ukapita mwingi kuliko transista inavyoweza. Lakini hapo ndipo hukumu ya "nunua ingine" inakuwa ya kipumbavu zaidi, kwa sababu kilichounguza ya kwanza bado kiko kwa gari kinangoja ya pili. Kuna jamaa namjua alinunua mbili kwa mwezi mmoja. Kosa lilikuwa vali ya sailensi, ile inayoshikilia injini isizime ukiachilia mafuta. Koili yake ilikuwa imeshoti. Tulipofungua ile ECU ya kwanza, transista moja tu ndiyo ilikuwa imepasuka. Transista kama TIP122 unapata Luthuli kwa bei ya chapo dondo.

Na hizi ECU za kando, nyingine zilitengenezwa kusudi zirekebishwe. MegaSquirt ya Bruce Bowling na Al Grippo wa Marekani iliuzwa kama vipande, mnunuzi anachoma solda mwenyewe, na michoro ya bodi iko wazi kwa kila mtu. Kwa bodi yake ya V3.0 kuna vidude viwili vya kuzungusha na bisibisi, R52 na R56, vinavyorekebisha jinsi ECU inavyosikia sensa ya krenki ya sumaku. Vikiwa vibaya, injini inakosa mpigo na TunerStudio inakuhesabia kila mara ECU imepoteza mzunguko. Kuna mtu ametupa kisanduku kizima kwa sababu ya vitu viwili vya kuzungusha! Na kama huamini gari lako, Arduino yenye programu ya Ardu-Stim inaigiza ile sensa ya krenki, unaipima ECU mezani.

Najua mtakachosema. "Wewe uliacha chuo, utatufunza umeme?" Ndio, niliacha. Multimita bado haijaniuliza transkripti.

Kitu kinanikera kuliko yote ni nywila. Unalipa mtu akupangie mafuta na moto, anafunga ramani kwa nywila yake, kesho ECU ikiwa na shida hakuna fundi mwingine anaweza kuisoma. Amekufunga kamba kwa pesa yako mwenyewe. Kwa hivyo kabla M-Pesa haijatoka, mwambie akupe faili la ramani kwa flashi na nywila kwa maandishi. Akisema hapeani, chukua funguo zako uende. Na ukibadilishiwa ECU, beba ile ya zamani nyumbani.