Mazoezi ya kijana wa umeme yasiishie kwenye jembe



Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na tuna haki ya kujivunia. Lakini umeme humfikia mtu wa kijijini kupitia mikono ya fundi aliye juu ya nguzo, na huyo hatumwandai vya kutosha.

Kijana wa chuo cha ufundi cha VETA anajua kufunga swichi na soketi. Laini ya kilovolti 33 ni habari nyingine: umeme ukatwe, upime kama kweli umekatika, ufunge waya wa ethi pande zote mbili za sehemu ya kazi, ndipo uguse. Hayo hayafundishiki ubaoni. Mpwa wangu alipelekwa mazoezini kwa mkandarasi mmoja, akaishia kuchimba mashimo ya nguzo na kutumwa chapati. (Mashimo alichimba vizuri, nakiri.)

Mafunzo ya uanagenzi yapo nchini. Shirika la umeme, TANESCO, na wakandarasi wayaingie kwa nguvu: watoe nguzo, transfoma zilizokwisha kazi na mafundi wazoefu wa kufundisha vyuoni, nao wamsainie mwanafunzi kitabu chake cha mazoezi, kazi kwa kazi. Watalalamikia gharama, najua. Basi waanze na transfoma mbovu. Hizo haziwapunguzii kitu.

Msomaji,
Lindi