Seli B Husubiri Mbiu

Kingamwili hutengenezwa na seli B, lakini seli B haijiamulii yenyewe lini ianze kazi. Inapokutana na bakteria, husubiri kwanza kusikia kama kinga ya asili, ile ambayo mtu huzaliwa nayo, imekwisha kupiga mbiu. Pasipo mbiu hiyo, seli nyingi hunyamaza hata adui akiwa mbele yao. Masimulizi ya chanjo huzisifu kingamwili na kumsahau aliyeziita, nayo wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ina sababu nzito ya kukumbuka. Kati ya tarehe 27 Desemba 2007 na 30 Julai 2009, mlipuko wa taifodi wilayani humo ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 577, vifo 47, na wagonjwa 249 waliotoboka utumbo.

Utumbo hautoboki popote tu. Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, huingia na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kisha hupenya ukuta wa utumbo mwembamba karibu na mwisho wake, kwenye vishada vya tishu viitwavyo mabaka ya Peyer. Vishada hivyo vimejaa seli B. Seli za kinga ya asili zilizopo hapo, makrofaji, huwameza bakteria, lakini wengine huponea humo humo ndani na kusafirishwa hadi kwenye ini, wengu na uboho. Uvimbe unaowashwa na vita hivyo ndio unaokula ukuta wa utumbo, kwa kawaida katika wiki ya pili au ya tatu ya ugonjwa usiotibiwa. Daktari anayempasua mgonjwa hukuta tundu upande wa utumbo usioshikwa na utando wa mishipa ya damu, pale pale baka lilipokuwa.

Mbiu yenyewe hupigwa kwa njia kadhaa, na mbili zinatosha kuonyesha kanuni. Ya kwanza ni vipokezi vya Toll, ambavyo kazi ya Jules Hoffmann na Bruce Beutler juu yavyo ilitambuliwa kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Kimojawapo, TLR4, hunasa lipopolisakaridi, mafuta yenye sukari yaliyo kwenye ganda la bakteria wa aina ya Salmonella. Seli ya dendriti, nayo ya kinga ya asili, iliyoguswa hivyo huenda kwenye tezi za limfu kuziamsha seli T, kundi jingine la seli za kinga, na seli T ndizo zinazoipa seli B ruhusa ya kuzaliana, kunoa kingamwili zake na kuacha kumbukumbu. Njia ya pili ni komplementi, kundi la protini za damu. Protini ya C3 hujibandika kwenye bakteria na kukatwakatwa hadi kibaki kipande kiitwacho C3d. Seli B ina kipokezi cha antijeni, yaani sehemu ya adui inayotambuliwa na kinga, na pembeni yake ina kipokezi cha C3d. Vyote viwili vikishikwa kwa pamoja, kizingiti cha kuamka hushuka sana. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba antijeni iliyounganishwa na vipande viwili vya C3d huamsha kinga mara 1,000 zaidi, na yenye vipande vitatu mara 10,000.

Hapo ndipo ujanja wa taifodi unapoonekana. Bakteria wake hujifunika kwa koti la sukari liitwalo Vi, ambalo huficha lipopolisakaridi isiguswe na TLR4 na kupunguza C3 inayojibandika. Mwili haukosi seli B zinazofaa; zinachelewa kuitwa. Kingamwili hutokea baadaye, na hizo ndizo zinazosakwa na kipimo cha Widal, kinachotumika tangu mwaka 1896: tone la majimaji ya damu huchanganywa na antijeni juu ya kibao cheupe, na chembe zikigandamana huandikwa kwamba kuna taifodi. Kipimo hicho kinaaminiwa kupita uwezo wake. Kingamwili hubaki baada ya ugonjwa kuisha, na Salmonella wengine nao huziamsha. Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu ndiko kunakothibitisha.

Koti la Vi linaweza pia kugeuzwa chanjo, ila sukari tupu haiwezi kuonyeshwa kwa seli T. Chanjo ya Vi peke yake hutegemea zaidi seli B za pembezoni mwa wengu, ambazo kwa mtoto wa chini ya miaka 2 bado hazijakomaa, kwa hiyo watoto hao hawapewi. Dawa yake ni kuiunganisha Vi na protini, kwa mfano toksoidi ya pepopunda. Seli B huishika sukari, humeza pamoja nayo ile protini, kisha huonyesha vipande vya protini hiyo kwa seli T ambazo seli za dendriti zimekwisha kuziamsha. Chanjo ya namna hiyo, inayofaa kuanzia miezi 6, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2017. Huko Blantyre, Malawi, katika jaribio la watoto wapatao 28,000 wa miezi 9 hadi miaka 12, ilizuia taifodi kwa asilimia 80.7, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021.

Kanuni hiyo hiyo ya kufunga sukari kwenye protini inawahusu watoto wenye selimundu, ambao ni wengi hasa Bundibugyo, upande wa pili wa milima ya Rwenzori ukitokea Kasese. Wengu wao hufa mapema, na seli B za pembezoni mwake hufa nao, hivyo bakteria wa pneumokoko, mwenye koti la sukari, huwaua upesi. Chanjo ya pneumokoko ambayo Uganda ilianza kuitoa mwaka 2013 nayo ni sukari iliyofungwa kwenye protini.