Kumbukumbu Isiyoacha Pengo
Anayetembea ufukweni Kilwa Kisiwani wakati wa maji kupwa huviona vigae vya kale vimetapakaa mchangani: vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani, vya vyombo vilivyoletwa na majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi, na vya kauri za China. Mkono huvutwa kuokota kimoja tu, kiwe kumbukumbu ya safari. Tukiache. Kigae kikiwa pale kilipolala humsaidia mwanaakiolojia kujua nani alifanya biashara na nani, na katika karne gani. Kikifika kabatini Dar es Salaam hubaki kipande cha chombo kilichovunjika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981, na urithi huo ni pamoja na vipande vinavyoenea mfukoni. Kombe tupu nalo lina mwenyewe: wapo kaa wanaoishi humo, na wakikua huhamia jingine kubwa zaidi. Msafiri hakosi cha kurudi nacho. Ipo tiketi ya basi la Kilwa Masoko. Upo mkeka wa ukili, ambao bei yake inabaki kwa aliyeusuka. Lipo daftari la kuandikia jina la kanga iliyopita mbele yako, jina la jahazi, bei ya pweza sokoni. Hivi tuvikusanye kwa wingi na tuviandikie tarehe na mahali, kwani ndivyo vitakavyowaeleza wajukuu wetu pwani ya leo ilivyokuwa.