Tabora si Livingstone peke yake

Kuieleza Tabora kwa nyumba ya tembe alimokaa Livingstone kule Kwihara na misafara ya pembe tu ni kuutazama mji kwa macho ya wapita njia. Hapa Januari 1958 mkutano wa chama cha TANU ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura akitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia), licha ya masharti yake ya kibaguzi, na Uamuzi huo wa Busara ukaifupisha safari ya uhuru. Mtasema mgeni hutaka kitu cha kupiga picha. Sawa, lakini shule ya wavulana alikosoma Nyerere ingalipo, na reli inayogawanyika hapa kwenda Mwanza na Kigoma ndiyo inayoeleza kwa nini mji haukufa misafara ilipokoma.