Vidonge vya Viungo na Mimba Changa

Mama mmoja wa watoto wawili ameniandikia hivi: "Dada, huu ni mwaka wa nne nina baridi yabisi. Asubuhi vidole havikunji hata kufunga kanga. Sasa nimekosa siku zangu mwezi wa pili, na mama mkwe anasema niache dawa zote. Nifanyeje?"

Dada yangu, usiache zote, wala usiendelee nazo zote. Zitie mkobani uende kliniki wiki hii, maana hazifanani. Methotreksate, kile kidonge kinachomezwa mara moja kwa juma, ni hatari kweli kweli. Huweza kuharibu mimba au kumtia mtoto kilema, na hutakiwa kuachwa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kushika mimba. Kama unatumia hicho, usimeze kingine. Mwone daktari leo. Diklofenaki na ibuprofeni nazo, tangu 2020 wasimamizi wa dawa wa Marekani wanaonya zisitumiwe kuanzia juma la 20 bila agizo la daktari, kwani zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji anamoelea. Salfasalazini na haidroksiklorokwini, kwa kawaida mama huruhusiwa kuendelea nazo.

Utauliza, wamejuaje? Hakuna daktari awezaye kuwapa wajawazito dawa ili tu aone kama watoto watalemaa. Dunia ilifunzwa kwa uchungu na thalidomidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu kamili. Mwaka 1967 Norway ikaanza kuandika kila uzazi katika daftari la taifa. Sweden na Denmark zikafuata 1973. Huko kila mwananchi ana namba yake. Kwa namba hiyo daftari la uzazi huunganishwa na lile la dawa zilizochukuliwa dukani, majina yakafichwa, kisha watafiti wakalinganisha.

Kulinganisha ndiko kwenye kazi. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walitoa hesabu za haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini iliyotuwasha mwili tulipougua malaria. Walipitia kumbukumbu za mimba zaidi ya 3,000,000. Katika mimba zaidi ya 2,000 mama alikuwa amechukua dawa hiyo miezi mitatu ya kwanza. Watoto wenye kasoro za maumbile walikuwa kama 55 kwa kila 1,000, na kwa akina mama wengine kama 35. Ukiishia hapo utaitupa dawa jalalani! Lakini waliotumia walikuwa wagonjwa, na wengi walikuwa na dawa nyingine pia. Hayo yalipotiwa katika hesabu, hatari iliyokuwa imezidi kwa zaidi ya nusu ikabaki imezidi kwa kama robo tu, na zaidi kwa waliopewa miligramu 400 au kupita kwa siku. Kwa wengi faida bado ni kubwa kuliko hatari.

Daftari nalo lina upofu wake. Linaonyesha dawa iliyochukuliwa, si iliyomezwa (sote tunajua vidonge vinavyolala kabatini), na mimba zilizotoka mapema mara nyingi hazimo.

Kuna jambo linalotugusa sisi hasa. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza walieleza habari za mtoto mchanga aliyefariki baada ya chanjo ya BCG. Mama yake alichomwa infliksimabu wakati wa mimba kwa ugonjwa wa utumbo, na dawa hiyo, ambayo hutibu viungo pia, hupita hadi kwa mtoto na kudhoofisha kinga yake. Kwetu BCG hutolewa siku za mwanzo kabisa. Mama aliyechomwa sindano za namna hiyo amwambie nesi kabla mtoto hajachanjwa.

Na mama mkwe, dada, nenda naye kliniki.