Funguo za Ofisi Zisiwe za Mtu Mmoja

Ofisi ya chama kimoja cha ushirika, ambacho si lengo letu kukiaibisha kwa kukitaja jina, ilipatwa na msiba mdogo uliozaa mkubwa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta pekee ya katibu ikaungua. Mashine hununuliwa nyingine. Kisichonunulika ni maneno ya siri: la barua pepe ya chama, la mfumo wa kodi, la hesabu ya benki. Yote yalikuwa yamehifadhiwa katika kivinjari cha mashine ile, na katibu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akibonyeza tu na kuingia, hakukumbuka hata moja. Wakulima walikaa majuma matano wakingoja malipo ya mazao yao, huku viongozi wakizunguka dirisha hadi dirisha kuthibitisha kwamba wao ndio viongozi halali.

Hatumlaumu katibu peke yake. Ofisi zetu zina utaratibu wa kale, tena mzuri, wa makabidhiano: anayeondoka huhesabu mihuri, vitabu vya stakabadhi na funguo za kasha mbele ya mashahidi, kisha wote hutia sahihi. Neno la siri halimo katika orodha hiyo, kana kwamba ni mali ya kidole cha aliyelichapa. Hii ni kasumba, na hatuna budi kuiondoa.

Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu. Katika Google Chrome mtu hufungua mipangilio, huingia mahali pa kusimamia maneno ya siri, na huchagua kuyatoa nje. Mashine humtaka kwanza athibitishe kuwa ndiye mwenyewe, kisha humpa faili moja. Firefox nayo ina njia hiyo tangu mwaka 2020. Wapo wanaodhani kwamba kunakili folda ya kivinjari kwenye flashi kunatosha. Hao wanajidanganya. Firefox huweka maneno ya siri katika faili iitwayo logins.json, na ufunguo wa kuyafumbua katika nyingine, key4.db, anayechukua ya kwanza akaiacha ya pili amebeba kufuli bila ufunguo. Chrome katika mashine za Windows huyafunga kwa ufunguo unaofungamana na mtumiaji wa mashine ile ile, hivyo folda ikipelekwa kwingine haisomeki.

Lakini hapa ndipo tunapowaomba ndugu zetu wasikilize kwa makini zaidi. Faili inayotolewa kwa njia hiyo ni maandishi matupu, haina kufuli. Yeyote atakayeifungua, awe karani, fundi au mwizi, atasoma anwani, jina na neno la siri la kila mfumo kama asomavyo orodha ya bei dukani. Tumeshuhudia faili ya namna hiyo ikitumwa kwa WhatsApp, eti isipotee. Huko si kutunza amana, ni kuinadi sokoni.

Faili hiyo na iishi dakika chache tu. Iingizwe mara moja katika programu ya kutunza maneno ya siri, kama vile KeePass, ambayo hutolewa bure na hufunga yote kwa neno kuu moja. Ikaguliwe kwamba yote yamesomeka, kisha faili ya wazi ifutwe, na itolewe hata katika kapu la takataka la kompyuta, maana iliyomo kapuni bado ipo. Faili iliyofungwa inakiliwe kwenye flashi mbili, moja ikae ndani ya kasha, nyingine katika jengo jingine. Neno kuu likisahaulika, hata waliotunga programu hawana namna ya kulirudisha. Kwa hiyo liandikwe kwa kalamu, litiwe katika bahasha yenye lakiri, na sahihi za mwenyekiti na mhazini zipite juu ya mdomo wake.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuandika neno la siri karatasini ni kosa. Kama ni karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta, tuko pamoja nao.

Chama kile sasa kina mashine mpya. Tulipita hapo juma lililopita: maneno mapya ya siri yamekwisha hifadhiwa, yote ndani ya kivinjari, na nakala hakuna.