Uzio Umetangulia Mpango

Mpango wa usimamizi wa Msitu wa Kakamega uliandikwa kwa miaka kumi, 2012 hadi 2022. Miaka hiyo imekwisha. Kinachozungumzwa sasa barazani, redioni na hata matangani, kutoka Shinyalu hadi Ileho, ni uzio wa umeme: upite wapi, uwe na malango mangapi, nani ashike ufunguo. Jambo hili limeniudhi, na ndilo lililonifanya nilitoe toleo zima kwa msitu. Uzio umewekwa mbele ya mpango, nasi tunaoandika kuhusu mazingira tumeufuata mkondo huo huo. Tumegawanyika kuwa wa ndiyo na wa hapana kabla hatujauliza msitu utatumiwa na nani, kwa kiasi gani, hadi mwaka gani.

Wanaoutetea uzio hutaja Aberdare. Ua wa huko, wa takriban kilomita 400, ulianza kujengwa 1989 ukakamilika 2009, na shirika la Rhino Ark lina haki ya kujivunia kazi hiyo. Lakini Aberdare kulikuwa na tembo walioshuka usiku kumaliza shamba la mtu. Kakamega haina tembo, wala nyati. Anayekula mahindi ya mkulima wa Isukha ni kima na nyani, na hao hawahitaji lango mahali palipo na tawi. Basi tuseme wazi kwamba uzio wa Kakamega ni wa kuwazuia watu. Yawezekana wapo wa kuzuiwa. Anayeingia usiku na msumeno, anayechoma makaa ndani ya msitu, anayebandua gome la mwiritsa mpaka mti ukauke, hao siwatetei. Ila mpango wa miaka kumi hauandikwi kwa kumtazama mwizi peke yake.

Historia ya mipaka hapa ni nzito kuliko wanavyodhani waliokuja na ramani mpya. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi za wenyeji, ikaahidi kwamba hakuna kipande kitakachochukuliwa bila baraza la wenyeji kushauriwa na bila ardhi nyingine kutolewa badala yake. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Kufikia mwisho wa 1932 sheria ilikuwa imerekebishwa, na ahadi zote mbili zikaondolewa kwa ajili ya wachimbaji. Mwaka 1933 msitu nao ukatangazwa rasmi. Pango la wachimbaji liko mpaka leo kwenye kilima cha Lirhanda, na wageni huonyeshwa popo waliomo. Mzee wa Shinyalu anapokataa kusimama kando ya afisa anayepima mpaka, ana sababu. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize ushirikishwaji wa umma katika kulinda mazingira. Kutia saini karatasi ya mahudhurio mlangoni mwa ukumbi si kushirikishwa, na sote tunaohudhuria vikao hivyo tunalijua hilo.

Sasa nije kwenye kuni, maana hapo ndipo ninapoona mjadala wote umepotea. Tukitaja matumizi ya umma tunamfikiria mgeni mwenye darubini anayemtafuta ndege kwenye matawi ya juu. Mtumiaji mkubwa wa msitu huu ni mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Simama alasiri kwenye njia inayotoka Isecheno. Wanapita mmoja mmoja, ngata ya majani makavu ya mgomba kichwani. Vipande vilivyonyooka vimewekwa nje ya mzigo na vilivyopinda katikati, ili kamba ikikazwa mzigo usilegee njiani. Aliyebeba kuni kavu tupu hupita mbele ya askari wa msitu bila kugeuza shingo. Aliyechanganya na kijiti kibichi huingia kwanza kwenye vichaka vya mapera, akasubiri. Mzigo huo ni siku chache tu za moto wa mafiga, na chungu cha mahengere hakiivi kwa kuni mbili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 618 katika kila kilomita ya mraba ya Kaunti ya Kakamega, na jirani zetu wa Vihiga 1,047. Msitu uliotangazwa ni wa kilomita za mraba 240 hivi, na sehemu kubwa ya hizo ni vichaka, nyasi na miti ya kupandwa. Hesabu hiyo haifutwi kwa waya.

Kwa hiyo mpango ujao uanze na kuni. Useme kila kituo cha msitu kinaweza kutoa mizigo mingapi kwa wiki bila sakafu ya msitu kubaki tupu. Useme ni miti gani itakayopandwa kwenye kingo za mashamba na nje ya mpaka wa msitu ili mahitaji yapungue mwaka hadi mwaka, na nani atalipia miche. Mikalatusi inakua haraka, nakubali, lakini mwenye robo ekari hawezi kuipanda karibu na mahindi. Sheria ya misitu ya 2016 tayari inauruhusu muungano wa jamii kutia saini makubaliano ya kuokota kuni, kulisha mifugo, kurina asali na kuchuma dawa. Makubaliano hayo yaandikwe kwa Kiswahili, na kwa Lwisukha na Lwidakho, yabandikwe kwenye kituo cha afya na kwenye posho-mill, kisha ndipo tuulize uzio uwe na malango wapi. Malango yafuate njia ambazo watu wanazipita sasa. Njia hizo hazijulikani kwa kutazama picha iliyopigwa angani, kwa sababu zote zimefunikwa na majani ya miti.

Najua jibu nitakalopewa. Kaskazini, kwenye hifadhi ya taifa ya Buyangu iliyotangazwa 1985 na baadaye kuwekwa chini ya Shirika la Wanyamapori, kuokota kuni ni marufuku, na watafiti wa mradi wa BIOTA waliofanya kazi hapa kati ya 2001 na 2010 waliona visiki vichache zaidi huko kuliko upande wa kusini ulio chini ya Huduma za Misitu. Ni kweli, na mwandishi wa makala yetu ya kwanza ameitumia kweli hiyo kwa ustadi. Ila kuni ambazo hazikutoka Buyangu zilitoka mahali pengine. Aliyefukuzwa kaskazini hakuacha kupika. Alipanga foleni kusini, au alilipa bei ya sokoni, au alikata mti wa mwisho wa baba mkwe wake. Kupima nusu ya msitu kisha kuisifu, bila kufuata mzigo ulikokwenda, ni kupima vibaya. Na msitu mmoja wenye mashirika mawili na vibali viwili unahitaji mpango mmoja unaoyabana yote mawili kwa maneno yale yale. Hilo ningelitaka hata kama uzio ungejengwa kesho.

Makala nyingine za toleo hili zina faida yake. Ile ya Kisere inaeleza kwa nini kima wa De Brazza hatapona katika kipande kidogo cha msitu kilichojitenga ikiwa miti iliyo kando ya mito itaendelea kukatwa. Ile ya Arabuko-Sokoke inatupeleka pwani, ambako mradi wa Kipepeo umekuwa ukiwalipa wakulima wanaofuga vipepeo tangu 1993. Isomeke sambamba na habari za Muliru, kikundi cha hapa kwetu kilicholima mmea wa dawa mashambani badala ya kuuchuma msituni, kikatunukiwa Tuzo ya Equator mwaka 2010. Kuna makala fupi kuhusu mzizi wa mukombero. Kuna mazungumzo na vijana wa KEEP, kikundi ambacho tangu 1995 kimewafundisha watoto wa shule zilizo kandokando ya msitu, nao wanaeleza vizuri kuliko mimi kwa nini mtoto aliyepanda mche darasa la nne hamripoti mama yake.

Makala mbili tulizoahidi kuhusu hoteli na njia mpya za watalii zimesogezwa hadi toleo lijalo. Nilizisogeza mimi, kwa makusudi. Zinatoa ramani nzuri za mahali pa kulaza wageni, lakini hazisemi mama wa Ileho atapita wapi siku mahali hapo patakapojengwa. Waandishi wamekubali kurudi huko na kuuliza.

Rasimu ya mpango mpya itakapotolewa, tutachapisha hapa sehemu zake zinazohusu kuni, malisho na malango, neno kwa neno, pamoja na majina ya vijiji vilivyoshauriwa. Msomaji ambaye kijiji chake kimetajwa na hakumbuki kikao chochote atuandikie.